Mayai machache na mimba inayoharibika: uhusiano uliopo na usiokuwepo

Mwanamke anachomwa sindano za homoni siku kumi hivi mfululizo, anapimwa ultrasaundi mara kadhaa, na siku ya kuvuna yanapatikana mayai mawili tu. Moja linarutubishwa. Kiinitete kinapandikizwa na kipimo cha ujauzito kinatoka chanya. Ikifika wiki ya saba, daktari anatafuta mapigo ya moyo na hayaoni. Anaporudi nyumbani, maelezo anayojipa, au anayopewa na watu wake, huwa ni yale yale: mayai yangu ni machache na mabovu, ndiyo maana mimba haikai.

Maelezo hayo yana ukweli kiasi na kosa kubwa ndani yake. Nimeamua kuyaandikia kwa sababu kosa hilo linawagharimu wanawake fedha na miaka, na linawatwisha lawama isiyo yao. Uchache wa mayai ni jambo moja. Ubora wa yai ni jambo jingine. Mara nyingi mambo haya mawili hutembea pamoja kwa kuwa yote yanaongozwa na umri, lakini yanaweza pia kuachana kabisa, na mahali yanapoachana ndipo mwanamke anapohitaji kupewa maelezo sahihi.

Ovari "kuitikia kidogo" maana yake nini

Kila mwezi ovari huwa na kundi la vifuko vidogo, kila kimoja kikiwa na yai lake. Katika mzunguko wa kawaida kifuko kimoja hukua hadi kupevuka na vingine vyote hunyauka. Sindano za IVF, yaani matibabu ya kurutubisha yai nje ya mwili, zenye homoni ya FSH inayokuza vifuko, kazi yake ni kuviokoa hivyo ambavyo vingenyauka ili vikue pamoja na mwenzao. Hapa kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, sindano haiwezi kuleta kifuko ambacho hakikuwepo mwezi huo, hata dozi iwe kubwa kiasi gani. Pili, sindano hazimalizi mayai ya miaka ijayo. Wengi wanaliogopa hilo, na wapo wanaoahirisha matibabu kwa ajili yake, ilhali yanayovunwa ni mayai ambayo mwili ungeyapoteza mwezi ule ule bila mtu kujua.

Mayai hupotea kwa wingi tangu mwanzo. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na 2. Anapobalehe yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote yanayopevuka na kutoka ni kama 400 hadi 500. Kasi ya kupungua inatofautiana kati ya mtu na mtu. Wapo wanaorithi akiba ndogo ya mayai. Wapo waliofanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ovari, waliopata matibabu ya saratani, wenye endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mji wa mimba inayoota nje yake), wanaovuta sigara. Na kwa wengi hakuna sababu inayoonekana.

Mwaka 2011 wataalamu wa uzazi wa Ulaya walikubaliana huko Bologna, Italia, juu ya nani ahesabiwe kuwa ovari zake zinaitikia kidogo. Awe na angalau mambo mawili kati ya matatu: kwanza, umri wa miaka 40 au zaidi, au sababu nyingine inayojulikana kupunguza mayai; pili, awe aliwahi kupata mayai 3 au pungufu kwa dozi ya kawaida; tatu, vipimo vya akiba vionyeshe kiwango cha chini. Ukisoma vigezo hivyo utaona tatizo lake. Mwanamke wa miaka 41 na binti wa miaka 29 wanaweza kuingizwa kundi moja, wakati hatari yao ya kupoteza mimba haifanani hata kidogo. Ndiyo sababu mwaka 2016 kundi jingine la wataalamu, linalojulikana kama POSEIDON, lilikuja na mgawanyo wa makundi manne yanayotenganisha walio chini ya miaka 35 na waliotimiza umri huo au kuupita, na pia wale ambao vipimo vilionyesha akiba nzuri lakini mayai yakatoka machache. Kwangu mgawanyo huu una manufaa zaidi, kwa kuwa unamlazimisha daktari aanze na umri kabla ya hesabu ya mayai.

Vipimo vyenyewe ni viwili vikubwa. Cha kwanza ni ultrasaundi inayohesabu vifuko vidogo mwanzoni mwa hedhi, na jumla ya chini ya 5 katika ovari zote mbili ni ndogo. Cha pili ni damu, kupima homoni ya AMH inayotolewa na vifuko hivyo hivyo. Hapa pana mtego: maabara moja inaweza kutoa jibu kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa pikomoli kwa lita, na tofauti yake ni takriban mara saba. Mpaka unaotumika na POSEIDON ni 1.2 kwa nanogramu, ambayo ni kama 8.6 kwa pikomoli. Mtu akilinganisha karatasi ya Dar es Salaam na ya Nairobi bila kuangalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba, anaweza kudhani akiba yake imeporomoka au imepanda kimuujiza. Vilevile anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kuonyesha AMH ya chini kuliko hali yake halisi, kwa hiyo ni vizuri kumweleza daktari kabla ya kupima.

Na AMH haisemi lolote la maana kuhusu ubora wa yai. Inahesabu tu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 750 wa umri wa miaka 30 hadi 44 waliokuwa wakitafuta mtoto kwa njia ya kawaida na hawakuwa na historia ya ugumba. Wenye AMH ya chini walishika mimba kwa kiwango kile kile cha wenzao. Hilo linaeleweka ukikumbuka kwamba kwa njia ya kawaida mwili unahitaji yai moja kwa mwezi, na asiye na akiba kubwa bado analipata. Hata Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, alitokana na yai moja lililochukuliwa katika mzunguko wa kawaida bila sindano za kuchochea ovari.

Kinachoharibu mimba changa

Zaidi ya nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza zina hitilafu ya kromosomu, yaani vifurushi vinavyobeba vinasaba. Yai linatakiwa kubeba kromosomu 23, nalo huanza kujigawa ili kufikia idadi hiyo wakati mwenyewe angali tumboni mwa mama yake. Kisha husimama katikati ya kazi kwa miaka mingi, na huimalizia mwezi linapopevuka. Yai la mwanamke wa miaka 42 limesubiri hivyo kwa zaidi ya miongo minne. Protini zinazoshikilia kromosomu pamoja hudhoofika kadiri miaka inavyopita, na siku ya kugawanyika kromosomu moja inaweza kwenda upande usio wake. Kiinitete kinachotokana na yai hilo aghalabu hakishiki, au kinashika na kusimama baada ya wiki chache.

Kwa hiyo umri ndio unaoongoza. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za mimba zaidi ya 421,000, ulikuta hatari ya mimba kuharibika ikiwa ndogo zaidi kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29, asilimia 10, na kubwa zaidi kwa waliofika miaka 45, asilimia 53. Viinitete vinavyopimwa kromosomu maabara vinaonyesha mwelekeo huo huo: katika umri wa miaka 35 kama theluthi moja huwa na hitilafu, katika miaka 40 zaidi ya nusu, na katika miaka 44 karibu tisa kati ya kumi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka kwa wanawake wanaopandikiziwa viinitete vya mayai yaliyotolewa na mwanamke mwingine. Hatari yao ya kupoteza mimba inafuata zaidi umri wa aliyetoa yai kuliko umri wa anayebeba mimba. Mji wa mimba hauzeeki kwa kasi ya yai. Mwanamke wa miaka 43 anayeambiwa "kizazi kimechoka" ameambiwa jambo ambalo haliungwi mkono na ushahidi huo.

Yapo mengine nje ya kromosomu: ugonjwa wa kinga unaofanya damu igande ovyo, ambao hutibiwa kwa aspirini na heparini, kisukari kisichodhibitiwa, matatizo ya tezi ya shingo, ukuta unaogawanya mji wa mimba, fibroidi zilizoingia ndani ya nafasi ya kizazi, na mbegu za mwanamume zenye vinasaba vilivyokatikakatika. Haya huchunguzwa hasa mimba zinapokuwa zimeharibika mara mbili au zaidi. Hayahusiani na uchache wa mayai, na ndiyo hatari ya kusema haraka haraka "ni mayai yake": sababu inayotibika inaweza kuachwa bila kutafutwa.

Basi je, uchache wenyewe una mkono?

Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichambua mimba 124,351 zilizopatikana kwa IVF nchini mwao. Walikuta waliovuna mayai 3 au pungufu walipoteza mimba zaidi kuliko waliovuna mengi, na uhusiano huo ulibaki hata umri ulipowekwa kwenye hesabu. Namba hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Kazi ni kuielewa.

Sehemu ya maelezo ni umri usioonekana kwenye cheti cha kuzaliwa. Wanawake wawili wa miaka 38 wanaweza kuwa na ovari zilizofika hatua tofauti, na kwa baadhi yao kupungua kwa mayai ni dalili ya mapema ya mchakato ule ule unaodhoofisha ubora.

Sehemu ya pili ni uteuzi, na naona inasahaulika sana. Kati ya mayai 10 yanayovunwa, kama 8 huwa yamepevuka, 5 au 6 hurutubishwa, na viinitete 2 au 3 hufika siku ya tano vikiwa na umbo zuri. Mtaalamu wa maabara anachagua kilicho bora. Aliyevuna mayai 2 anaweza kubaki na kiinitete kimoja, na hicho ndicho kitakachopandikizwa, kizuri au cha wastani. Mkulima mwenye kibaba cha mbegu huchambua kabla ya kupanda. Mwenye punje moja huipanda hiyo hiyo. Punje yake haikuharibika kwa kuwa ni moja. Amekosa tu nafasi ya kuchambua.

Maelezo ya tatu bado yanajadiliwa. Inadhaniwa kwamba kundi la vifuko la kila mwezi linapokuwa dogo sana, mwili nao hukosa nafasi ya kuchagua, na yai lisilo kamili hupata njia ya kupevuka. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 uliunga mkono wazo hilo: mimba zenye kromosomu ya ziada zilikuwa nyingi zaidi kwa waliovuna chini ya mayai 4 na kwa waliowahi kufanyiwa upasuaji wa ovari. Upasuaji hupunguza mayai bila kuyazeesha, kwa hiyo hapo uchache unaonekana kuwa na athari yake yenyewe. Ni athari ndogo ukiilinganisha na ya umri. Binti wa miaka 30 mwenye mayai machache bado ana mayai ya mtu wa miaka 30, na ikiwa kuna jambo moja natamani kila daktari alimweleze kabla ya kumkabidhi karatasi ya AMH, ni hilo.

IVF pia huhesabu mimba ambazo kwa kawaida hazihesabiwi. Damu hupimwa takriban wiki mbili baada ya kupandikiza, na mimba iliyoishi siku chache inaonekana. Nje ya IVF ingeonekana kama hedhi iliyochelewa. Utafiti maarufu wa Marekani wa mwaka 1988, uliopima mkojo wa wanawake kila siku, ulikuta asilimia 31 ya mimba zilizojishikiza ziliharibika, na nyingi kati ya hizo zilipita bila mwenyewe kujua kuwa alikuwa mjamzito. Kwa hiyo mwanamke wa IVF anaomboleza hasara ambazo jirani yake huenda amezipata pia asijue. Uchungu wake ni wa kweli. Lakini hauthibitishi kwamba mwili wake una kasoro kuliko wa jirani.

Kinachorekebishika, na kinachouzwa

Mwenye akiba nzuri aliyetoa mayai machache bila kutarajiwa anastahili kuchunguzwa mzunguko wake hatua kwa hatua kabla ya kuambiwa lolote kuhusu ovari. Dozi ilikuwa ndogo mno? Dawa ilihifadhiwaje? Nyingi za sindano hizi zinatakiwa kukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na katika joto la Mombasa au Tanga, umeme ukikatika au dawa ikisafirishwa kwa basi bila barafu, nguvu yake haina uhakika. Sindano ya mwisho ya kupevusha mayai ilichomwa saa iliyopangwa? Uvunaji hufanyika kama saa 36 baada yake, na kuteleza kwa saa chache kunaweza kuacha vifuko vikionekana vizuri kwenye ultrasaundi na mayai yasipatikane. Haya yote yana dawa katika mzunguko unaofuata.

Kwa mwenye akiba ndogo kweli, dozi kubwa haisaidii sana. Jaribio la Uholanzi lililotoka mwaka 2017 lilipandisha dozi kwa wanawake wenye vifuko vichache na halikuongeza watoto waliozaliwa, huku gharama ya dawa ikipanda. Homoni ya ukuaji, ambayo ni ghali mno, ilijaribiwa Australia na New Zealand. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha faida katika watoto waliozaliwa hai. Kudunga ovari sindano ya chembe za damu ya mwenyewe, huduma inayotangazwa sana kwa jina la "kufufua ovari", bado haina ushahidi wa kutosha wa kuitoza familia fedha. Na dawa za mitishamba zinazodai kuongeza mayai zinaahidi jambo ambalo mwili wenyewe hauwezi.

Kupima kromosomu za kiinitete kabla ya kupandikiza kunahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndicho kipimo kinachotajwa zaidi mtu anapopoteza mimba. Kinapunguza mimba kuharibika kwa kila upandikizaji, maana viinitete vyenye hitilafu vinawekwa kando. Lakini hakitengenezi kiinitete kizuri. Majaribio makubwa, likiwemo la China lililochapishwa mwaka 2021, hayakuonyesha kwamba jumla ya wanaojifungua inaongezeka. Kwa mwenye kiinitete kimoja, kipimo hiki kinaweza kumwepusha na mimba ya kuharibika, na kinaweza pia kumwacha bila kitu cha kupandikiza. Mwanamke wa miaka 42 aliyeumizwa na mimba tatu anaweza kuamua kuwa hilo linamfaa. Binti wa miaka 31 mwenye kiinitete kimoja kizuri ana sababu ndogo sana ya kulipia. Uamuzi ni wao, ilimradi wameelezwa pande zote mbili.

Njia nyingine ni kukusanya: kuvuna mizunguko miwili au mitatu, kugandisha viinitete, kisha kuchagua. Inarudisha ule uteuzi uliokosekana. Gharama yake ndiyo kikwazo. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006, na tangu hapo vituo vimeongezeka katika miji yetu, lakini familia nyingi hulipa mfukoni, na mzunguko mmoja unaweza kumaliza akiba ya miaka, kiwanja au mkopo wa chama. Ndiyo maana nasisitiza umri. Mwenye akiba ndogo na miaka 39 asiambiwe apumzike mwaka mmoja ndipo ajaribu tena. Mwaka huo una thamani kuliko dawa yoyote itakayoongezwa.

Yai la mwanamke mwingine ndilo lenye nafasi kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 43 hivi. Hapo sayansi inakutana na imani. Fatwa ya Al-Azhar, taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Misri, ya mwaka 1980 iliruhusu IVF kati ya mume na mke walio katika ndoa na kukataza mtu wa tatu, na wanazuoni wengi wa Kisunni wanaufuata msimamo huo, hivyo kwa familia nyingi za pwani mlango huo umefungwa. Kanisa Katoliki halikubali IVF yenyewe. Daktari asiyeuliza mapema familia inasimama wapi huishia kuwapeleka kwenye ukuta.

Linabaki suala la lawama. Mara nyingi mama mkwe, mawifi, wakati mwingine mume, hudai kwamba alibeba ndoo nzito, alisafiri kwa bodaboda, alikula kitu, au alikosa kutulia kitandani. Kromosomu zilipangwa kabla mimba haijatungwa. Hata kulala kitandani baada ya kupandikiziwa kiinitete hakujaonyesha faida. Mume anayekataa kupima mbegu zake huku mkewe akivunwa mayai mara ya tatu anapaswa kuambiwa na daktari, ana kwa ana, kwamba uchunguzi haujakamilika.

Mimba ikiharibika na ikawezekana, uliza kama tishu inaweza kupelekwa kupimwa kromosomu. Jibu likionyesha hitilafu, sababu ya mimba hiyo imepatikana. Likionyesha kromosomu kamili, utafutaji uelekezwe kwenye kinga, homoni na umbo la mji wa mimba. Na kabla ya mzunguko mwingine, omba nakala ya kumbukumbu za ule uliopita: dozi za kila siku, ukubwa wa vifuko, saa ya sindano ya mwisho, mayai yaliyovunwa, yaliyopevuka, yaliyorutubishwa, viinitete vilivyofika siku ya tano. Ukihamia kituo kingine, daktari wa pili ataanzia kwenye karatasi hiyo. Bila hiyo atalazimika kubahatisha dozi kwa mwili ambao tayari ulishatoa majibu yake.